Naomba ushauri: salsa (sosi) ya kijani ya kulia nyama choma

Wakuu, habari za jioni. Nipo Houston, na majira haya ya joto kila wikiendi tunachoma nyama uani. Kachumbari ipo siku zote. Sasa nataka niongeze salsa ya kijani ya Kimeksiko, ile ya tomatilo (vitunda vya kijani vyenye ganda kama karatasi, ukimenya vinanata).

Jirani yangu huzichemsha hadi zififie rangi, halafu anasaga na pilipili serrano, kitunguu, kitunguu saumu, kotmiri na chumvi. Wengine wanazibanika mpaka zipate madoa meusi. Za kubanika ndizo tamu kwangu, ila ukijani unapotea. Kuna anayechanganya nusu kwa nusu?

Halafu ikilala kwenye friji inaganda kama jeli. Najua ni pektini (kigandishi cha asili kilichomo kwenye matunda) ya tomatilo, lakini mnailainishaje isiwe majimaji? Parachichi naliogopa, linabadilika rangi mapema.

Joto likipita 32°C chakula hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa moja. Mnaoandalia watu wengi, mnatoa kidogo kidogo au bakuli linakaa juu ya barafu? Bibi mmoja huwa hataki kabisa vya baridi.