Stendi ya tangi la samaki la lita 65: chuma, mbao au tofali?

MvuviWaSebuleni: Habari wakuu. Nimenunua tangi la kioo, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 36. Niko Temeke, nyumba ya kupanga, sakafu ya vigae. Meza ya TV niliyoitegemea, nikiisukuma kwa kidole inacheza. Nawaza mambo matatu: stendi ya skwea paipu, ya mbao kutoka Keko, au nipange tofali niweke ubao juu. Ipi haitanitia hasara?

FundiRanda: Mkuu, anza na uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hata usipolijaza pomoni, maji peke yake yanakaribia kilo 60. Ongeza kioo, changarawe na mawe, unafika 80 na ushee. Ni mtu mzima kasimama hapo usiku na mchana. Meza ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) isahau, ikinyonya matone inavimba kama mkate kwenye chai na skrubu zinaachia.

Mninga ni starehe, bei utaisikia mwenyewe. Mbao ya paini, inchi 2 kwa 4, iliyokauka vizuri, inatosha kabisa. Kikubwa ni mzigo unashukaje. Fremu ya juu ikalie vichwa vya miguu, isishikiliwe na skrubu za ubavuni. Kisha piga plaiwudi mgongoni, maana stendi mbovu huwa haididimii, inalala upande.

MamaGapi: Yangu ni ya skwea paipu ya inchi moja, mwaka wa tatu sasa, imara. Ila siku ya kwanza ilinitesa. Nimejaza maji, natazama, kulia yamegusa ukingo, kushoto pamebaki upana wa kidole. Kumbe miguu ya kulia mifupi kwa sentimita nzima! Saa sita usiku nachota maji kwa kopo, samaki wako kwenye beseni. Tangi lililoinama linaelemea upande mmoja, na silikoni haipendi hivyo. Nenda na pimamaji kwa fundi kabla hujamlipa, pima urefu, pima na upana.

Halafu kutu. Hewa yetu hii ya chumvi haina huruma. Paka redoksaidi, ile rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kwanza, hasa kwenye maungio ya kuchomelea, ndipo rangi. Na miguu ivalishe mpira, chuma kitupu kitapasua kigae cha mwenye nyumba.

KasaWaNyali: Mwajisumbua bure. Mimi huku Mombasa nimepanga matofali ya simiti, ubao mnene juu, basi. Nikihama nayaacha hapo hapo.

FundiRanda: @KasaWaNyali una watoto?

KasaWaNyali: Sina 😂

FundiRanda: Ndiyo maana. Tofali zilizopangwa bila saruji, safu mbili kwenda juu hazina shida. Ukipandisha safu ya nne ili uone samaki ukiwa kwenye kochi, mtoto akishika ubao ajivute asimame, hapo hamna stendi tena. Kwa mwenye watoto sishauri.

Mgeni_77: Samahani, kile kipande cha stairofomu chini ya tangi ni lazima?

MamaGapi: Inategemea. Kama kioo cha chini kinakaa bapa juu ya ubao, weka, hata mkeka wa mazoezi unafaa. Punje moja ya mchanga hapo chini inaweza kupasua kioo. Kama tangi lina fremu ya plastiki iliyoinua kioo, usiweke, limetengenezwa likalie kingo. Stairofomu haitibu stendi iliyopinda, lakini.

FundiRanda: Na usiijaribu stendi kwa samaki. Chukua madumu manne ya lita 20 yaliyojaa, mawili chini, mawili juu yake, yakae siku mbili. Sukuma kidogo kwa kiganja. Ikicheza, irudi kwa fundi.

MvuviWaSebuleni: Mrejesho wakuu. Nimechukua ya chuma, nikafunga plaiwudi nyuma na juu. Madumu nilikuwa nayo, maji yamekatika mtaani tangu Jumatatu kwa hiyo yote yamejaa. Yako juu tangu jana jioni, pimamaji bado iko katikati. Mke wangu kapita sebuleni, kayatazama, kauliza ndio samaki wenyewe hao?