Ndege inatua Mwanza imekaa upande: rubani anafanya nini hasa?

Mwana_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Siku za upepo mkali, ukiwa pande za Ilemela unaziona jeti zinakuja uwanjani pua imeangalia kwingine kabisa, halafu zikikaribia chini zinajinyoosha ghafla. Wajuzi naomba mnisaidie. Kwa nini asiinyooshe mapema abiria wakatulia? Upepo ukifika kiasi gani ndege haitakiwi kutua? Naona noti 33 (noti ni maili ya baharini kwa saa) inatajwa sana mtandaoni. Na kwa nini asiiachie tu otopailoti, ule mtambo unaojiendeshea ndege?

Joshi_na_Demani
Mkuu, kuja upande ndiko kwenda sawa. Tazama kivuko cha Kamanga kinapovuka ghuba huku upepo unapiga ubavu. Nahodha haelekezi pua kwenye gati, anaielekeza juu yake, kule upepo unakotoka, na chombo kinaishia gatini. Ndege nayo inaelea ndani ya hewa inayotembea. Ukiinyoosha pua ikiwa bado mita 200 juu bila kulaza bawa, upepo utaisukuma nje ya mstari.

Tuweke hesabu. Njia ya kutulia ya Mwanza ni 12/30, yaani ukitua upande mmoja unaelekea nyuzi 120, upande wa pili nyuzi 300. Tuseme mnara wa kuongozea ndege umetoa upepo unaotoka nyuzi 190, noti 24. Kati ya 190 na 120 kuna tofauti ya nyuzi 70. Sine ya 70 ni 0.94, zidisha kwa 24, unapata noti 22 na nusu za ubavuni na noti 8 za usoni. Ukitua kwa 30 ubavu unabaki uleule, ila zile 8 zinakusukuma kwa nyuma. Basi unachukua 12.

Hesabu ya kichwani ni ya saa ya ukutani: tofauti ya nyuzi 15 ni robo ya upepo, 30 ni nusu, 45 ni robo tatu, 60 na kuendelea uhesabu wote.

Jambo jingine ambalo watu wa pwani hawalikumbuki: uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kukiwa na nyuzijoto 28, kipimo cha kasi kikionyesha noti 135, ndege kwa kweli inakata hewa kwa takriban noti 148, maana hewa ni nyepesi. Kwa upepo ule wa ubavuni, pua itakaa nyuzi 9 hivi nje ya mstari. Kwa macho ya mtu aliye chini nyuzi 9 ni nyingi, kwa rubani ni kawaida.

Fundi_Eleroni
Naongezea sekunde za mwisho, maana kazi iko hapo.

Boeing 737 huanza kuinua pua ikiwa futi 20 hivi juu ya njia, Airbus A320 kwenye futi 30. Wakati huohuo rubani anakanyaga pedeli ya upande upepo unakoelekea. Usukani wa mkia unaizungusha pua ikae kwenye mstari wa katikati. Hapo kuna mtego: pua inapozunguka, bawa la upande unakotoka upepo linasogea mbele kwa kasi, linapata nguvu zaidi ya kupaa, linanyanyuka. Lisipozuiwa, ndege inalala upande wa pili na kusukumwa nje. Kwa hiyo mguu ukikanyaga, mkono unapeleka eleroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege) upande unakotoka upepo. Mguu na mkono vinakwenda kinyume, na hicho ndicho wanafunzi huchelewa kukizoea.

Magurudumu ya upande unakotoka upepo yanagusa kwanza, kisha ya upande wa pili, pua mwisho.

Akinyoosha mapema mno, ndege inaanza kuteleza pembeni kabla ya kugusa, na njia nyingi za jeti zina upana wa mita 45 tu. Akichelewa, matairi yanagusa yakiwa yameelekea pembeni na miguu ya ndege inapokea mzigo wa ubavu. Miguu imeundwa kuhimili kiasi fulani, lakini si jambo la kutafuta kwenye njia kavu. Njia ikiwa na utelezi, 737 inaruhusiwa kugusa ikiwa bado imekaa upande kidogo, kwa sababu hilo linapunguza kusukumwa nje.

Kulaza bawa sana nako kuna mpaka. Injini za 737 zinaning'inia chini, ukizidisha zinakwangua lami.

Kusi_Mwanza
Hiyo noti 33 ya 737-800 inasomwa vibaya kila siku. Ni upepo mkubwa wa ubavuni ambao watengenezaji walikutana nao kwenye majaribio na ndege ikatua salama. Kwa A320 ni noti 33 na mikupuo (upepo unaovuma ghafla) hadi 38. Sheria za Marekani za kuidhinisha ndege kubwa zinataka ionyeshe uwezo wa angalau noti 20, na hazilazimishi kuvuka 25. Mpaka halisi anaoufuata rubani unaandikwa na kampuni yake, na hushuka njia ikiwa na maji.

Utata huohuo ulijitokeza Hamburg, Machi 1, 2008. A320 ilijaribu kutua njia ya 23 kwenye mikupuo mikali ya ubavuni, ncha ya bawa la kushoto ikagusa lami. Wakarudi hewani, wakatua salama njia ya 33. Ripoti ya uchunguzi ilisema wazi kwamba maneno ya vitabu kuhusu kipimo hicho hayakueleweka kwa namna moja.

Otopailoti: ya A320 inaruhusiwa kutua yenyewe mwisho noti 20 za ubavuni. Ilitengenezewa ukungu, na siku ya ukungu mzito kwa kawaida upepo umetulia. Yaani upepo ukichafuka, mkono wa mtu ndio unaobaki.

Na usiuamini sana mfuko wa upepo pale uwanjani. Ukifika noti 15 umeshanyooka wote, kwa hiyo 15 na 35 utaziona sawa.

Mwana_Kirumba
Asanteni sana wakuu, nimeelewa. Moja tu limebaki: mvua ikinyesha wanatua kwa kishindo. Ni upepo au rubani?

Fundi_Eleroni
Mara nyingi anafanya makusudi. Ukiibembeleza iguse polepole inaelea, na kwa noti 138 juu ya ardhi (148 kasoro upepo wa usoni na ule ukaaji wa upande) kila sekunde inakula mita 71 za njia huku upepo ukiisukuma. Halafu kuna maji. Kasi ambayo tairi linaweza kupanda juu ya maji, kwa noti, ni mara 9 ya kipeuo cha pili cha upepo uliojazwa kwenye tairi kwa psi (ratili kwa inchi ya mraba). Tairi la psi 200 linatoa noti 127. Basi unagusa ukiwa juu ya kasi hiyo, na kishindo kinasaidia tairi kulikata tabaka la maji na kuanza kuzunguka, spoila (vibao vya juu ya bawa vinavyoua nguvu ya kupaa) zifunguke mapema na uzito ushuke kwenye magurudumu.

Kisha usiache pedeli. Mkia ni kama tanga, unaivuta pua kuelekea upepo unakotoka. Ikianza kuserereka pembeni huku injini zinasukuma kinyume, msukumo ule nao unaivuta nje ya mstari. Rubani anarudisha injini kwenye msukumo mdogo kabisa wa kinyume, anaachia breki, anairudisha katikati kwa usukani wa mkia, halafu ndipo anafunga breki upya. Mwenye kung'ang'ania breki hapo ndiye anayeishia kwenye nyasi.

Joshi_na_Demani
Na ukiona imeshuka hadi karibu kugusa kisha ikanguruma na kupaa tena, hakuna kilichoharibika. Hakupenda alivyokaa, anazunguka ajaribu upya. Mafuta ya kwenda uwanja mwingine, kama Kilimanjaro au Entebbe, yamehesabiwa kabla hajaondoka.