Naomba ushauri: baiskeli kutoka Manali hadi Leh, mwinuko unanitia hofu

Wakuu, heshima kwenu. Agosti tunaondoka watu wanane kuendesha baiskeli kutoka Manali hadi Leh, kaskazini mwa India. Gari litatufuata na mahema, chakula na fundi, kwa hiyo mizigo hainisumbui. Miguu nimeiandaa: kila mwezi napanda Mombo hadi Lushoto bila kushuka kwenye baiskeli.

Kinachoninyima usingizi ni hewa. Ratiba inatulaza Jispa, kama mita 3,200, na usiku unaofuata Zingzingbar, zaidi ya mita 4,000. Nijuavyo, ukishavuka mita 3,000 unashauriwa usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Na mbele kuna Tanglang La, njia ya kuvukia milima, zaidi ya mita 5,300! Nilipopanda Meru kichwa kiliniuma hadi nikatapika, nikarudishwa kabla ya kilele.

Mliowahi kupita huko: nimwombe kiongozi atuongezee usiku mmoja Jispa, hata kama wenzangu watanuna? Asetazolamidi, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, mlianza kumeza lini? Na gari huwa linabeba oksijeni, au niombe wanithibitishie kwa maandishi kabla sijamaliza kulipa?