Chuo chetu: tufunge Wi-Fi 6 sasa, tuingie Wi-Fi 7, au tuchukue ruta za 5G?

mtu_wa_maabara
Wakuu, habari za jioni. Nipo kitengo cha TEHAMA kwenye chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini. Wi-Fi yetu imechoka, wanafunzi wanapiga kelele, na mkuu wa chuo anataka mapendekezo kabla ya kikao cha Ijumaa. Nimekwama kati ya kufunga Wi-Fi 6 sasa hivi, kujikaza tuingie Wi-Fi 7 moja kwa moja, au tuachane na kufungafunga tuchukue ruta za 5G za kampuni ya simu, moja kila jengo. Ipi bora? Naombeni uzoefu.

MzeeSwichi
Kijana, unaomba dawa na mgonjwa umemwacha nyumbani. Wanafunzi wangapi? Majengo yameachana umbali gani? Intaneti inayoingia ni megabiti ngapi? Swichi zenu zinapeleka umeme kwenye waya (PoE) au hapana? Chuo cha serikali au binafsi? Bajeti?

binti_seva
Na TANESCO wakikata, jenereta inafika chumba cha seva au ni ya ofisi ya mkuu tu?

Kijiweni_Uyole
Wi-Fi 7 mkuu, usinunue cha jana. Chaneli pana hadi 320 MHz, na simu inashika bendi mbili kwa wakati mmoja. Vyuo vyetu vinanunua vifaa mara moja vinakaa miaka kumi, sasa kwa nini uanze na cha nyuma?

MzeeSwichi
@Kijiweni_Uyole hizo 320 zinapatikana bendi ya 6 GHz tu. Mwanafunzi ana kisimu cha laki mbili kinachoshika bendi ya 2.4 GHz pekee, kikijitahidi sana 5. Hiyo 6 GHz ataitumia nani, mkuu wa chuo na iPhone yake? Na kabla ya kuagiza ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kipande gani cha bendi hiyo kinaruhusiwa.

Kijiweni_Uyole
Wazee mlisema hivyo hivyo 4G ilipokuja.

mtu_wa_maabara
Samahani, nilikuwa darasani. Wanafunzi kama 2,400, nusu wanalala hosteli. Kutoka utawala hadi hosteli ya wasichana ni kama mita 300, katikati uwanja wa mpira. Swichi ni za zamani, megabiti 100, PoE hazina. Intaneti megabiti 50. Chuo ni cha serikali. Bajeti bado sijaambiwa.

binti_seva
Megabiti 50 kwa watu 2,400?! Kaka, piga hesabu. Saa mbili usiku wakiingia 400 tu, kila mmoja anabaki na kilobiti 125 kwa sekunde. Picha moja ya WhatsApp inazunguka mpaka mtu anaghairi. Wi-Fi haizalishi intaneti, inagawa iliyopo. Anza kuongea na TERNET, ndio mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, uone bei yao kabla hujagusa vifaa vyovyote.

Na 5G ya kila jengo ifute. Kila jengo litakuwa kisiwa: printa ya utawala haionekani maktaba, seva ya ndani haifikiki hosteli, na bando likiisha tarehe 20 mnatazamana.

Kamau_wa_Juja
Binti_seva amesema kweli. Hapa Kenya vyuo vingi viko KENET, tangu 1999, wananunua intaneti kwa pamoja. Raha nyingine ni eduroam: ukitembelea chuo kingine kilichojiunga, simu inaingia yenyewe kwa nywila ya chuo chako. Kuna watu watakuambia Starlink, intaneti ya setilaiti. Imekuja kwetu Julai 2023 na imesaidia sehemu za mbali, lakini mwishoni mwa 2024 walisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu ya msongamano. Mimi ningeiweka kama akiba tu.

Mama_Kebo
Ngoja niwasimulie yaliyotukuta, maana naona mnabishana namba za Wi-Fi tu.

Chuo nilichokuwepo tulipata vifaa kupitia mradi. Vizuri kweli, vyeupe, vinasimamiwa kwenye wingu, unaona kila simu iliyoungwa ukiwa nyumbani kwako. Mafunzo yalifanyika hotelini, vyeti tukapewa. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza, kwamba kila kifaa kina leseni ya miaka mitatu. Mradi ukaisha, aliyeuza akabadilisha namba ya simu. Siku leseni zilipofika mwisho vifaa havikupungua kasi. Viliacha kabisa kurusha mtandao. Vizima, vimewaka taa, vimening'inia darini kama mapambo, na ilikuwa wiki ya usajili wa mitihani. Tukaomba ankara ya kuhuisha: ya dola, na bei kwa kifaa ilikaribia kununua kifaa kipya cha aina nyingine. Mhasibu akasema kasma ya leseni haipo, iliyopo ni ya "matengenezo ya vifaa", na kifaa hakijaharibika. Hapo tukakwama mwaka mzima. Wanafunzi wakarudi kwenye bando zao. Kwenye rejesta ya mali vifaa vile vimeandikwa "hali: nzuri" mpaka nilipohama.

Kwa hiyo mtu_wa_maabara, ukishachagua Wi-Fi 6 au 7 au 70, andika kwenye vigezo vya zabuni: leseni ikiisha, kifaa kiendelee kufanya kazi. Hakikisha mstari huo umo kabla zabuni haijapanda NeST, ule mfumo wa ununuzi wa serikali.

fundi_OpenWrt
Ndio maana mimi natumia MikroTik. Ruta inakuja na leseni yake ya kudumu.

Kijiweni_Uyole
MikroTik kwa ruta sawa. Wi-Fi yake ukumbi wa watu 300 usinitanie.

fundi_OpenWrt
Umewahi kuipanga vizuri au uliacha mipangilio ya kiwandani? Watu wanaacha 2.4 kwa chaneli pana ya 40 halafu wanalaumu kifaa. Chaneli 1, 6 na 11, upana 20, punguza nguvu ya kurusha. Basi.

Kijiweni_Uyole
Nimeipanga zaidi yako.

binti_seva
Turudi chuoni jamani. Moodle yenu, mfumo wa masomo mtandaoni, iko wapi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, waliokuwa na Moodle kwenye seva ya ndani waliendelea na masomo ndani ya chuo. Walioiweka kwenye wingu la Ulaya walikaa kusubiri meli ya matengenezo.

Kamau_wa_Juja
Dada, na hiyo seva ya ndani diski ikifa Jumamosi usiku? Wingu lina nakala.

binti_seva
Nakala weka kwenye wingu, Moodle yenyewe ibaki nyumbani. Hatugombani hapo.

MzeeSwichi
Mita 300 hizo ni faiba. Waya wa shaba mwisho wake mita 100, na huko kwenu radi haina mchezo: waya ukipita juu ya uwanja unaileta moja kwa moja kwenye swichi. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Halafu swichi za gigabiti zenye PoE. Ukifunga hiyo Wi-Fi 7 kwenye swichi ya megabiti 100, ndiyo kasi utakayopata.

mtu_wa_maabara
Nimewaelewa wakuu. Tatizo mkuu wa chuo alienda maonyesho, akapewa kipeperushi cha Wi-Fi 7, na ameshamwambia mwenyekiti wa bodi. Faiba na swichi haviko kwenye kipeperushi.

Mama_Kebo
Mpe hesabu ya kilobiti 125, karatasi moja, maandishi makubwa.

Kijiweni_Uyole
Au mfungieni Wi-Fi 7 ofisini kwake peke yake, muendelee na kazi 😂

mwanachuo_mwaka2
Mimi ni mwanafunzi, naomba mkifunga msizuie YouTube. Nusu ya hesabu nimefaulu kwa YouTube.

fundi_OpenWrt
Haizuiwi, inawekewa mgao saa za masomo. TikTok ndiyo izuiwe.

mwanachuo_mwaka2
TikTok nayo ina walimu.

MzeeSwichi
Tumeanza.

mtu_wa_maabara
Kikao kimesogezwa hadi wiki ijayo, mkuu amesafiri. Mwenye bei ya faiba ya kuzika kwa mita, pamoja na kuchimba, anitumie inboksi.

Kijiweni_Uyole
Nina swichi ya PoE ya pochi 24, imetumika kidogo, nipo Mbeya mjini.

fundi_OpenWrt
Pochi au poti? Toleo gani, na feni inapiga kelele?