Injini ya turbo imechoka: nipime nini kabla ya kuagiza pistoni?

Wakuu, injini ya turbo, silinda 4, kipenyo 86 mm. Inatoa moshi wa bluu na presha ya oili inashuka ikishapata moto. Kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ni psi 150, ila silinda ya 3 ina 105. Nianzie wapi?

Jibu la 1
Usiifungue bado. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda ya 3, upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni au ukuta wa silinda umelika. Isipopanda, shuku vali au gasketi ya hedi.

Jibu la 2
Presha kushuka kwenye moto mara nyingi ni beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). Pima krenki kwa mikromita, na kila silinda juu, katikati na chini, pande mbili. Usichonge bloku (kupanua silinda) kabla pistoni hazijafika. Fundi achonge kufuata pistoni iliyo mkononi.

Kwenye ringi usikimbilie pengo dogo (nafasi kati ya ncha zake mbili)! Isukume ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha ingiza fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi) kwenye pengo. Kwa turbo ya 86 mm, ringi ya juu ianzie karibu 0.45 mm, ila karatasi ya mtengenezaji ndiyo mwamuzi. Pengo likibana, ncha hugongana kwenye joto na pistoni hupasuka.

Jibu la 3
Naongezea: baada ya kuchonga, osha bloku kwa maji moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke safi. Kama beringi zimemomonyoka, badilisha pia kipoza oili. Chembe za chuma hubaki humo na zitaua beringi mpya.