Mjadala: Vikombe vya kale vya kipusa vya Kichina viendelee kupigwa mnada?

Mleta mada: Mwaka 2018 kampuni ya minada ya Bonhams ilifuta mnada wa vipusa vilivyochongwa huko Hong Kong, ikatangaza kwamba haitauza tena bidhaa za pembe ya kifaru. Nasema wengine wote wafuate. Siwadharau mafundi wa enzi za Ming na Qing, tawala za kifalme za Uchina. Shina pana la pembe walilifanya mdomo wa kikombe, ncha ikawa chini. Ukingo wakaukunja kama jani la yungiyungi, na vijoka vikapanda mpini vikichungulia ndani. Uzuri wake sibishi. Ila nani atathibitisha kuwa hiki ni cha 1650 na si cha juzi?

Mdau 1: Mabingwa wanajua! Misonobari, wasomi mlimani, uyoga wa lingzhi wa maisha marefu, kila zama na nakshi zake. Halafu kuna saini ya fundi.

Mleta mada: Saini ndiyo rahisi kuliko yote kuchonga. Na zile nyuso za zimwi lenye macho ya kutoka? Mafundi wa Ming walizinakili kwenye vyombo vya shaba vilivyowatangulia kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Kuigiza ukale ni sehemu ya fani yenyewe.

Mdau 2: Kuna kipimo cha kaboni. Majaribio ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 60 yaliacha alama ya kaboni kwa viumbe walioishi baadaye, kwa hiyo pembe ya karibuni itajulikana. Inatosha chembe ndogo tu.

Mleta mada: Kinapima pembe, mkuu, hakipimi mchongo. Vichwa vya vifaru waliowindwa Afrika Mashariki zama za ukoloni bado vinaning'inia kwenye kuta za Ulaya. Chonga pembe hiyo leo, kaboni itasema ni ya kale. Sharti la Uingereza la kitu kuwa kimechongwa kabla ya 1947 ndipo kiuzwe litakusaidia nini hapo?

Mdau 3: Kenya tulichoma tani 1.35 za vipusa Aprili 2016, na niliunga mkono. Ila kifaru aliyekufa karne nne nyuma hafufuki. Mrithi wa kikombe ana kosa gani?

Mleta mada: Hana. Akitunze, awaachie wanawe, au akipe makumbusho. Ninachokataa ni bei kutangazwa mnadani, maana jangili naye anaisikia.

Mdau 3: Ukifunga mnada, bei itanong'onwa uchochoroni, na huko hakuna hata wa kuuliza cheti. Hilo hujalijibu.