Tupeane uzoefu: uliyefanya kazi na Babu wa dawati la michezo, weka kisa chako hapa

Wakuu salaam. Kama mlivyosikia Babu tumemzika juzi Kisutu baada ya Alasiri, watu wengi mpaka nikawa najiuliza wote hawa wanamjua au wamesikia wachezaji wa zamani watakuja. Jina siandiki, familia wameomba tusilisambaze, ila kama umewahi kukaa kwenye chumba cha habari Dar tangu enzi za taipureta unajua Babu ni nani. Sitaki tujaze hapa "pumzika kwa amani" mia tatu, zile mmeshamaliza kwenye magrupu. Weka kisa ulichokiona kwa macho yako.

Naanza mimi. Tarehe 20 Oktoba 2013, Simba na Yanga pale Taifa, kabla haujaitwa Mkapa. Mimi ni dogo, mechi yangu ya kwanza ya watani, na nimekaa pembeni yake. Ngassa kafunga, Kiiza kafunga, Kiiza tena, wakaenda mapumziko 3-0. Mimi nikaona nijiwahi, nikaandika habari yote kwenye laptop, intro inasema Yanga imeizika Simba, nikabakiza nafasi ya mabao tu kama yataongezeka, nikaituma ofisini nikaambiwa safi sana dogo. Babu ananichungulia hasemi kitu. Yeye ana daftari lake la kaunta buku na penseli. Nikamuuliza Babu mbona kalamu huna, akasema "Siku ya hawa watu wawili siandikagi kwa wino."

Mnajua kilichotokea. Simba wakarudisha moja, mbili, tatu, 3-3 mpira umeisha. Napiga simu ofisini natetemeka nawaambia futeni, wananiambia ukurasa ushapangwa. Babu akaninyang'anya simu akaongea na mtu wa kupanga kurasa kama dakika moja hivi, akanirudishia akasema haya kaa uandike upya una dakika ishirini. Yake mwenyewe aliituma baada yangu. Mpaka leo sijui alimwambia nini yule mtu, ila kesho yake hakuna aliyeniuliza.

Karibuni.

Mpigapicha mstaafu

Poleni ndugu zangu. Mimi nimetembea na huyu mtu toka zile kamera za filamu, unaenda uwanjani na roli moja, picha 36, ukimaliza umemaliza.

Kisa changu ni 1993, fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella Abidjan. Kule kwao ilikuwa 0-0 kwa hiyo hapa nchi nzima ilishajua kombe letu, hata watu wa Yanga nawajua waliokuja kushangilia kimyakimya. Tukapigwa 2-0. Wale ambao hamkuwepo hamuwezi kuelewa, uwanja ule wa zamani (Uhuru wa leo) watu hawakuondoka, walikaa tu. Siyo kelele, siyo fujo. Kukaa.

Filamu niliigawa vibaya, picha ishirini na kitu nimepiga kabla ya mpira kuanza, mashabiki, mabango, nilikuwa natafuta picha za furaha. Kipenga cha mwisho nimebakiwa na mbili. Babu akaja akaniuliza una ngapi, nikamwambia mbili, akanishika bega akanigeuza, akasema usipige wachezaji piga kule. Kule kulikuwa na mzee mmoja kavua kofia kaiweka magotini anaiangalia. Nikapiga. Hiyo ndiyo iliyotoka.

Daladala hakuna, tukatembea toka Chang'ombe tukapita Keko mpaka mjini, njia nzima hajasema neno nikajua amekasirika na mimi. Tumefika Gerezani ndiyo anasema "nimepata intro". Kumbe alikuwa anaandika kichwani.

Korespondenti wa Mwanza

Inna lillahi. Mimi nilikuwa namtumia habari kutoka huku kwetu kwa simu ya mezani. Vijana wa sasa mnatuma kwa WhatsApp hamjui adha, unapanga foleni posta, ukiunganishwa unasoma habari kwa sauti mtu wa upande wa pili anaandika, na nyuma yako watu wanakuzomea umalize. Enzi hizo Pamba ni Pamba kweli, TP Lindanda, ikicheza Kirumba au Nyamagana hupati pa kukanyaga. (Tumerudi ligi kuu 2024, najua hamtaki kusikia ila nasema tu.)

Siku moja nikasoma jina la mfungaji siyo. Vijana wawili wamefanana kimo, mvua inanyesha, nikabahatisha. Gazeti likafika Mwanza, yule aliyefunga kweli akaja nyumbani hana hasira, anasikitika tu, mama yake alikuwa amenunua nakala tatu. Nikampigia Babu nikidhani atasema tutasahihisha kwa kamstari kadogo. Akaniambia nenda kwao, muombe radhi mbele ya mama yake, halafu muulize anaandikaje jina lake, herufi kwa herufi. Nilienda bwana. Mama akanipa uji.

Na malipo. Kuna kipindi gazeti nililokuwa naandikia (silitaji) walikaa miezi hawalipi makorespondenti, kila ukiuliza unaambiwa mhasibu kasafiri, nikasema naacha nikavue samaki. Bahasha ikaja kwa kondakta wa basi, ndani hela na karatasi imeandikwa "za mwezi wa tatu". Nikajua ofisi imelipa. Miaka mingi baadaye ndo naambiwa na sekretari kwamba ofisi haijawahi kulipa mwezi wa tatu.

Mama netiboli

Naona mnampamba tu. Mimi nilimpenda Babu lakini msimfanye malaika, angekuwepo mwenyewe angewafutia hizo sifa zote kwa penseli yake hiyo mnayoisema.

Mwanamke nilikuwa peke yangu dawatini, na karibu miaka miwili kila Jumamosi nikiangalia ratiba ukutani, jina langu liko netiboli. Wanaume wote mpira, hata yule ambaye hajui ofsaidi. Sina ugomvi na netiboli, nimecheza GA (mfungaji) shuleni, lakini mtu unaona kabisa unawekwa pembeni. Nikamfuata mbele ya watu nikamuuliza Babu mimi hapa nina kasoro gani. Chumba kikanyamaza. Akasema hakuna anayeijua netiboli kama wewe. Nikamwambia na wewe unaijua ndondi kuliko wote humu lakini Jumapili hupangiwi ndondi. Akavua miwani akacheka, nikaona nimekwisha.

Hakuniomba radhi, siyo mtu wa hivyo. Ila wiki iyo iyo ratiba ikabadilika. Na ule usiku wa 2003 Simba wako Cairo na Zamalek mabingwa watetezi wa Afrika, hapa tulishinda 1-0, kule wakatufunga 1-0, ikaenda matuta, sisi tumezunguka redio chumba kizima, ukurasa wa nyuma umeachwa mweupe unasubiri. Kaseja akadaka, 3-2, watu wanarukia meza. Wote wanajua habari ile ataandika Babu. Akasukuma kiti chake kuelekea kwangu akaenda kunywa chai. Sijawahi kuandika haraka vile na sijawahi kulia huku naandika, siku ile vyote viwili.

Halafu asubuhi akaniletea gazeti kazungushia duara neno moja nililokosea. MOJA. Mtu yule jamani.

Msee wa Nairobi

Poleni sana majirani. Huyu mzee tulikuwa tunakutana naye kila Challenge, ile kombe ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, akikuja Nairobi anakuja na basi hata kama ofisi yenu imempea pesa ya ndege, alikuwa anasema kwa ndege hausikii watu wakiongea mpira.

1994 mlitubebea kombe hapa hapa kwetu, fainali na Uganda, 2-2 halafu penati. Sisi wa Nairobi tulikuwa tumenuna. Ye akatununulia chai wote na hakusema kitu, hiyo kimya yake ndio ilituuma. Lakini tukianza kumringia na riadha ndio alikuwa anaamka. Hapo ungemtajia Keino, ungemtajia nani, yeye ana jibu moja tu: Christchurch, 1974, mita 1500, Bayi wa Tanzania ameongoza toka mlio wa bastola mpaka utepe, rekodi ya dunia, na wa tatu ni Jipcho wenu. Huyo Walker wa pili alikuwa hata hamtaji. Tulimwambia mzee hiyo ni race moja tu sisi tuko na mia, anasema "leteni hiyo moja kama hiyo."

Admin wa mitandao

Mimi nimemkuta ameshastaafu lakini alikuwa anapiga simu. Saa kumi na moja alfajiri, kila ukikosea. Nilishaposti kwamba kipigo kikubwa cha watani ni 5-0, nikaweka na picha ya Mei 2012, laiki kama zote. Simu inaita. "Kijana, 1977 ulikuwa wapi?" Babu sijazaliwa. "Basi uliza waliozaliwa." Akanitajia sita kwa bila, Kibadeni tatu, mengine akanipa dakika zake nikaandika nusu usingizini. Nikafuta posti. Jioni kapiga tena kuniuliza kwa nini nimefuta badala ya kusahihisha, waliosoma mwanzo watajuaje?

Swali langu kwenu wakongwe, Babu alikuwa Simba au Yanga? Maana msibani nilisikia pande zote mbili zinamdai.

Mpigapicha mstaafu

Miaka thelathini sijui. Nilishamvizia bao likifungwa nimtazame uso badala ya mpira, akaniona, akaniambia utakosa picha.

Mama netiboli

Yanga. Nina hakika.

Korespondenti wa Mwanza

Simba, acheni utani, zile za mwaka 93 mtu hakai kimya toka Chang'ombe mpaka Gerezani kama siyo wake.

Mwanawe wa kati

Assalaam aleykum. Shukrani kwa wote mliofika na msiofika, hitma tutawatangazia. Nimesoma yote, nimemsomea na mama, hiyo ya mwezi wa tatu hata yeye hakuijua, kasema ndo maana mwaka huo hatukupata nguo za Idi.

Kuhusu timu. Mzee alikuwa mtu wa Tanga mnajua, na nyumbani kwetu Simba na Yanga zilikuwa kazi tu kama fundi na msumeno. Timu yake ilikuwa African Sports. Wana Kimanumanu. Na kuna timu moja aliyokuwa hawezi kuitamka bila kusonya, ni Coastal Union, wapinzani wa hapo hapo Tanga.

Aliyeanzisha

Hahahaha subirini kwanza. Coastal si ndo walichukua ubingwa 1988??

Aliyeanzisha

Nimerudi. Nimeenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi, nikaomba majalada ya magazeti ya 1988, vumbi nimekula la kutosha. Kazi yake ile ile ya siku zote, mabao yapo, majina yapo herufi kwa herufi, hakuna kosa hata moja. Aya nne. Bingwa wa Tanzania, aya nne, na chini yake kuna habari yake nyingine ya mashindano ya bao la kete, aya kumi na moja.